Maswali ya Wasomaji: Majimoto wa Mikorosho, Majani ya Newala na Mikoko Iliyokufa

Barua za safari hii zimetoka pwani na bara ya mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi. Walioziandika hawajuani, lakini karibu wote wanauliza juu ya kitu ambacho mtu fulani anataka kukiondoa, kukichoma au kukifungia, na kila mmoja anataka kujua sababu. Nimechagua sita. Nimeanza na ya mwanafunzi wa Mikindani kwa kuwa ndani yake mna swali ambalo limenisaidia kuzijibu nyingine zote.

Je, shamba la korosho nalo ni mfumoikolojia?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kitabu chetu kinaeleza mfumoikolojia kwa mfano wa ziwa na wa msitu, lakini sisi nyumbani tuna mikorosho tu. Baba anataka kupulizia dawa majimoto wote, wale sisimizi wa mitini, kwa sababu vibarua wanakataa kupogoa miti yenye viota vyao. Nilimwambia huenda majimoto wana kazi. Akaniuliza, "Kazi gani?" Nikashindwa kujibu. – Msomaji, Mikindani*

Marahaba, mwanangu. Swali la baba yako ndilo swali la kwanza la sayansi hii, na usione haya kwa kulikosea jibu, kwa maana watafiti wenyewe hutumia miaka mingi kulijibu kwa mdudu mmoja tu.

Tuanze na neno lenyewe. Mfumoikolojia ni viumbe hai wote wa mahali fulani pamoja na vitu visivyo hai vinavyowazunguka, yaani udongo, maji, hewa, joto na mwanga, vikitazamwa kama kitu kimoja kwa sababu kila kimoja huathiri vingine na kuathiriwa navyo. Mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Arthur Tansley, ndiye aliyelitumia neno hilo kwa mara ya kwanza katika maandishi yake ya mwaka 1935, na hakuweka sharti kwamba lazima mahali hapo pawe pakubwa au pawe pori. Shamba la mikorosho iliyopandwa kwa mistari ni mfumoikolojia, na hata kisiki kilichooza pembezoni mwa shamba hilo ni mfumoikolojia mdogo ndani ya mkubwa. Tofauti ya shamba na msitu ni kwamba shambani binadamu ameamua ni mmea gani uwe mwingi, ila hakuamua, wala hawezi kuamua peke yake, ni nani wengine watakuja kuishi humo. Wengi huchanganya neno hili na mazingira. Mazingira ya mkorosho ni vyote vinavyouzunguka mkorosho. Mfumoikolojia unauhesabu mkorosho wenyewe ndani yake, na baba yako pia.

Sasa simama chini ya mkorosho mmoja kati ya Julai na Septemba, wakati wa maua. Majani yanapokea mwanga wa jua, yanachukua hewa ya kaboni dayoksaidi na maji, na kutengeneza sukari. Kazi hiyo tunaiita usanisinuru, na ndiyo inayoufanya mkorosho uitwe mzalishaji. Sukari hiyo haibaki salama. Mbu wa mikorosho, ambaye kwa kweli si mbu bali ni mdudu mwembamba wa jamii ya kunguni, anachoma machipukizi na mashada ya maua ili afyonze utomvu, na penye jeraha panakauka. Mwenzake, mbu wa minazi, anachoma korosho changa, nazo zinasinyaa na kudondoka. Ukungu wa ubwiriunga unatanda juu ya maua kama unga wa muhogo. Nyuki na nzi wanapita kutoka ua hadi ua wakibeba chavua, na bila chavua kufika ua haliwi korosho. Chini, mchwa wanavunja majani yaliyodondoka.

Majimoto wanaingia hapo kama wawindaji. Umeona wanavyoshona kiota: wengine wanayavuta majani mabichi mpaka kingo zikutane, na mmoja anamshika buu kwa taya zake na kumpitisha huku na huku kama mshonaji na sindano, maana uzi wa hariri unatoka kwa buu na si kwa mkubwa. Kutoka viotani wanazunguka mti mzima, mchana kutwa, wakikamata kila mdudu laini wanayemkuta na kuwatimua wengine. Utafiti uliofanywa katika mashamba ya mikorosho ya huku kwetu kusini umeonyesha kwamba miti iliyojaa majimoto hupata madhara kidogo ya mbu wa mikorosho na mbu wa minazi kuliko miti isiyo nao. Si jambo geni duniani. Nchini China, yapata karne ya 4, wakulima wa michungwa walikuwa wakinunua viota vya ndugu zao hawa sokoni na kuvitundika mitini ili vilinde matunda.

Kwa hiyo mjibu baba yako hivi: kazi yao ni kuwala na kuwafukuza wadudu ambao angewanunulia dawa. Lakini umweleze na upande wa pili, kwa sababu mfumoikolojia haukuumbwa kwa ajili ya starehe yetu. Majimoto wanauma, na vibarua hawasemi uongo. Tena wanawafuga vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, ili walambe umajimaji mtamu wanaoutoa, na vidugamba wakizidi tawi hudhoofika. Kinachotakiwa ni kulinganisha hasara hiyo na ile ya kuwapoteza walinzi, na kwa maoni yangu hasara ya pili ni kubwa zaidi, kwa sababu dawa inayoua majimoto inaua na nyuki, kisha mbu wa mikorosho anaruka kutoka shamba la jirani na kukuta mti hauna mtu.

Kuhusu kupogoa, mwambie vibarua waanze alfajiri kungali na ubaridi, wakati majimoto hawajachangamka, na wajipake majivu mikononi, miguuni na kwenye mpini wa panga. Tawi lenye kiota likilazimika kukatwa, liegemezwe kwenye shina la mti ule ule ili wenyewe wapande. Msilihamishie mti wa mbali, kwa sababu kila kundi lina malkia wake, na makundi mawili yakikutana hupigana mpaka kuuana.

Chui hana adui, mbona ni wachache?

*Ndugu Mwalimu, huku kwetu Liwale tunapakana na hifadhi. Swala ni wengi, nyasi ndiyo usiseme, lakini chui mtu anaweza kumaliza mwaka bila kumwona. Yeye haliwi na mnyama yeyote. Kwa nini asizaane akajaa? – Msomaji, Liwale*

Ndugu yangu, kinachombana zaidi chui si adui. Anabanwa na chakula, na chakula chenyewe ni nishati iliyotoka kwenye jua na kupungua kila ilipobadili mikono.

Nyasi zikiliwa na swala, sehemu kubwa ya nishati iliyomo haigeuki kuwa nyama ya swala. Nyingine inatoka kama kinyesi, nyingine inatumika kukimbia, kupumua na kuutunza mwili uwe na joto, na joto hilo linapotea hewani bila kurudi. Mwaka 1942 mtafiti wa Marekani, Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo katika jimbo la Minnesota, alionyesha namna nishati inavyopungua kutoka ngazi moja ya ulaji hadi nyingine. Kwa wastani tunakadiria kwamba takriban asilimia 10 tu ndiyo inayopita. Kwa hesabu ya mfano, kilo 10,000 za nyasi zinatosha kujenga kilo 1,000 za walao nyasi, na hizo zinajenga kilo 100 za walao nyama. Kilo 100 ni chui wawili hivi. Chui wakiongezeka kupita hapo, watoto wanakufa njaa au wanahama, na wakihama wanakuja kwenye mabanda yenu ya mbuzi.

Ndiyo sababu pia mnyama wa ngazi ya juu anahitaji eneo kubwa sana. Mkilima mpaka ukingoni mwa hifadhi, au mkiwamaliza swala kwa mitego ya waya, chui hana pa kwenda isipokuwa kwenu.

Tuchome majani au tuyaache?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkulima wa Newala. Kila mwaka kabla korosho hazijaanza kudondoka tunafagia majani chini ya miti na kuyachoma, la sivyo korosho hazionekani. Bwana shamba anatukataza. Lakini nimeona kwa macho yangu shamba la mahindi lililochomwa likistawi kuliko lisilochomwa. Nani kati yetu yuko sahihi? – Mama wa watoto watatu, Newala*

Marahaba, dada yangu. Ulichokiona ni kweli, na anachokisema bwana shamba ni kweli, kwa sababu wewe umetazama msimu mmoja na yeye anatazama misimu mingi. Hili ni jambo ambalo nimelifikiria kwa muda mrefu, maana nimezaliwa katika nyumba iliyochoma kila mwaka, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Nimetoka kusema kwamba nishati inapita mara moja na kupotea kama joto. Virutubishi haviko hivyo. Chembe za fosforasi, potasiamu, kalsiamu na naitrojeni zilizo kwenye jani la mkorosho leo zilikuwa udongoni jana, na jani likioza zitarudi udongoni, mzizi uzichukue tena. Hakuna jua linaloshusha fosforasi mpya kila asubuhi. Wanaofanya kazi ya kuzirudisha ni waozeshaji, yaani bakteria, kuvu, mchwa, minyoo na jamii nzima ya vijidudu vya chini ya majani, nao hufanya kazi taratibu, kiangazi taratibu zaidi kwa sababu hakuna unyevu.

Moto unafanya kazi ya waozeshaji kwa dakika chache. Majani yanageuka majivu, na ndani ya majivu mna potasiamu, kalsiamu na fosforasi tayari kwa kuliwa na mmea, tena majivu hupunguza uchachu wa udongo. Mahindi yako yakipandwa hapo yanapata karamu. Hicho ndicho ulichokiona. Usichokiona ni naitrojeni: hiyo inageuka hewa na kupanda na moshi, na salfa iliyomo kwenye majani inaondoka nayo. Kisha inakuja mvua yetu ya Desemba. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, haushiki vitu. Kinachoushikisha ni ule weusi wa majani yaliyooza, tunaouita mboji, na mboji ndiyo iliyochomwa. Basi majivu mengine yanasombwa, mengine yanazama kwenda kina ambacho mzizi wa hindi haufiki. Mwaka wa kwanza karamu, mwaka wa pili wastani, mwaka wa tatu unatafuta shamba jingine. Wazee wetu walichoma vichaka na kulima kwa miaka michache, kisha wakayaacha mashamba yapumzike miaka mingi mpaka kichaka kirudi, na kwa mtindo huo moto haukuwa na madhara makubwa. Sisi hatuna tena ardhi ya kupumzisha.

Kuna jambo la maji pia. Uwanda wenu hauna mito kwa sababu mvua inazama mara moja kwenye mchanga na kwenda kutokeza chini, kwenye mabonde kama lile la Kitangari, ambako maji ya bomba ya Newala yanatoka. Ardhi iliyofunikwa na majani hupokea matone ya mvua taratibu na kuyazamisha. Ardhi tupu iliyochomwa hugongwa na matone mpaka uso wake ukajifunga kama sakafu, na maji yanateremka kwenye miteremko yakibeba udongo, badala ya kwenda kuijaza hazina iliyo chini ambayo nyinyi wenyewe mnaitegemea.

Ushauri wangu hauwezi kuwa "yaache yalivyo," kwa maana korosho iliyozama kwenye majani ni hasara, na majani makavu mengi chini ya miti yakipata cheche za jirani yanaunguza shamba zima. Yafagie kama kawaida, lakini badala ya kiberiti, yalundike kwa mstari katikati ya safu za miti, mbali na mashina, na mvua zikianza yachanganye na samadi ya mbuzi au na majani mabichi ili yaoze upesi, kisha uyarudishe chini ya miti baada ya msimu. Nafasi za kati panda mbaazi au kunde. Kwenye mizizi yake utakuta vinundu. Ndani mna bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa yote tunayoivuta, na kuigeuza chakula cha mmea. Mbaazi ina faida moja zaidi: mzizi wake unakwenda chini sana, unaokota virutubishi vilivyozama na kuvipandisha kwenye majani, nayo majani yakidondoka yanaviacha juu.

Kwa nini wafunge mwamba kwa ajili ya pweza tu?

*Mwalimu, hapa Songosongo tunaambiwa tusishuke kwenye baadhi ya miamba kwa miezi mitatu. Sisi wanawake tunaoshuka kwa miguu wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, ndio tunaokosa. Mwenye mtumbwi anaendelea na samaki wake. Kwa nini pweza, si samaki wote? – Mvuvi wa pweza, Songosongo*

Nakuelewa, dada, na sitajaribu kuupunguza uzito wa miezi mitatu bila kitoweo cha kuuza. Sababu iko kwenye maisha ya pweza mwenyewe. Pweza wa miamba yetu anaishi mwaka mmoja au zaidi kidogo, na katika muda huo anakua kwa kasi isiyo ya kawaida, hata aliye mdogo leo anaweza kuwa na uzito mara kadhaa baada ya miezi mitatu. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Hujifungia pangoni, huyalinda mayai na kuyapepea maji bila kula, na yakishaanguliwa anakufa. Kwa hiyo pweza jike anayechomwa kabla ya kutaga hajaacha kitu, ilhali mwamba ukipumzishwa kwa muda mfupi tu wanaobaki wanapata uzito na wengine wanafika kutaga. Jamii za wavuvi wa kusini-magharibi mwa Madagaska, kwenye kijiji cha Andavadoaka, walianza kufunga miamba namna hii mwaka 2004, na mtindo ukaenea.

Ukimfanyia chewa hivyo hivyo, hutaona faida, kwa sababu chewa anachukua miaka kufika umri wa kuzaa, na miezi mitatu kwake ni kama hakuna. Samaki wa aina hiyo anahitaji eneo lifungwe moja kwa moja, na hapo umesema kweli kwamba mzigo unapaswa kumgusa na mwenye mtumbwi. Kikao cha kijiji kinapopanga miezi ya kufunga, simameni mkaliseme hilo.

Niongeze jambo moja juu ya matumbawe, kwa kuwa wengi hudhani ni mawe. Tumbawe ni kundi la wanyama wadogo sana wanaojenga nyumba ya chokaa, na ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wanaowatengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Bahari ikipata joto kupita kiasi wanawatoa hao mwani, wanageuka weupe, na wasipowapata tena wanakufa, kama ilivyotokea kwenye miamba mingi ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Joto la bahari hamliwezi nyinyi wa Songosongo, lakini chuma kinachopasua tumbawe ili pweza atoke mnakiweza, na uvuvi wa kikande pia. Samaki huyo mnayemwona hana nyama ya maana ndiye mlaji mkubwa wa wale wanyama wa duara wenye miiba. Vikande wakimalizwa, wanyama hao huongezeka na kuugugunia mwamba mpaka unakuwa mtupu, na mwamba mtupu hauna pango la pweza.

Komba wa Rondo akitoweka tutapungukiwa na nini?

*Tunasikia sana habari za komba mdogo wa Rondo. Naomba jibu la ukweli: akitoweka, mkulima wa Lindi atapungukiwa na nini? – Msomaji, Lindi Vijijini*

Jibu la ukweli ni kwamba mavuno yako ya ufuta mwaka unaofuata hayatapungua. Mnyama huyo ana uzito wa gramu 60 hivi, ana mkia wenye manyoya kama brashi ya kusafishia chupa, anakula zaidi wadudu usiku, na hajulikani kuishi mahali pengine duniani isipokuwa kwenye vipande vichache vya misitu ya pwani ya Tanzania, kama Rondo na Litipo za kwenu. Wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka 1997 tu.

Lakini yeye anaishi palipo na miti iliyosongamana na mitambaazi inayoiunganisha. Msitu ukikatwa miti mikubwa na kupenywa na moto, yeye ni miongoni mwa wa kwanza kuondoka. Kwa hiyo siku atakapotoweka, jambo litakalokugusa litakuwa limeshatokea kabla yake: kivuli kilichotunza unyevu wa chemchemi za mabondeni hakipo. Na kuna sababu nyingine ambayo siyo ya hesabu. Kitu kilichopo kwenu peke yenu, mkikipoteza, hakuna pa kwenda kukiazima. Kwangu mimi hiyo inatosha.

Tulipanda mikoko, yote ikafa

*Mwalimu, klabu ya mazingira ya shule yetu iliyo kando ya ghuba ya Lindi ilipanda miche mingi ya mikoko, mingine kwenye mchanga ulio mbele ya bahari, mingine kwenye mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Baada ya miezi minne hakuna uliobaki. Wanafunzi wamevunjika moyo. Tumekosea wapi? – Mlezi wa klabu, Lindi*

Mwalimu mwenzangu, hamkukosea kwa kutaka kupanda. Mlikosea mahali, na ni kosa ambalo limefanywa na miradi mikubwa yenye fedha nyingi katika nchi nyingi.

Mti wa mkoko hauoti popote penye maji ya chumvi. Kila aina ina ngazi yake kati ya bahari na nchi kavu, na ngazi hiyo huamuliwa na saa ambazo maji hukaa juu yake. Kwa kawaida mlilana hukaa mbele kabisa. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo. Kisha msinzi na mkandaa, na nyuma kabisa, mahali pakavu penye chumvi kali, mchu, ambaye pia huvumilia mbele penye mchanga. Onjeni jani lake mtaikuta chumvi anayoitoa nje. Mizizi yao inatofautiana kwa sababu moja tu. Tope la mikokoni halina oksijeni. Ile harufu ya yai bovu mnayoisikia mkikanyaga ni gesi ya bakteria wanaoishi bila oksijeni. Basi mchu amechomoza vijiti juu ya tope ili avute hewa, msinzi amekunja magoti, mkoko amejiinua kwa magongo. Mizizi hiyo ikifunikwa na maji kutwa, mti unakosa pumzi. Mliopanda mbele ya bahari ilikuwa inazama kwa muda mrefu mno, na mawimbi yaliimalizia.

Kwenye mashamba ya chumvi tatizo ni kinyume chake. Matuta yaliyojengwa ili kuzuia maji bado yapo, kwa hiyo maji ya bamvua yanaingia kidogo, yanakauka, na chumvi inajikusanya mpaka hata mchu haivumilii. Huko msipande kwanza. Mkishapata ruhusa, toboeni matuta mahali kadhaa, hasa palipokuwa na mkono wa bahari zamani, ili maji yaingie na kutoka kila siku. Ruhusa ni lazima, kwa sababu mikoko yote ni hifadhi ya misitu ya Serikali, na ofisi ya kuiendea ni ya Wakala wa Huduma za Misitu. Maji yakisharudi, subirini msimu mmoja wa mvua. Kukiwa na mikoko mizima karibu, bahari yenyewe italeta mbegu, na zitakazoshika zitawaonyesha ni aina gani inafaa wapi.

Waelezeni wanafunzi pia kwa nini inafaa kuhangaika. Kamba wachanga huingia mikokoni wakiwa wadogo wasioonekana vizuri kwa macho, hukua humo kati ya mizizi, kisha hurudi baharini. Wavuvi wa kamba wanavuna kilicholelewa mikokoni. Kaa hukokota majani yaliyodondoka hadi mashimoni mwao, na wanapochimba wanapitisha hewa ndani ya tope. Tondo wanaookotwa na akina mama wanakula majani yale yale. Kaboni iliyo kwenye majani na mizizi inayozama kwenye tope lisilo na oksijeni haiozi upesi, hivyo inakaa huko kwa miaka mingi badala ya kurudi hewani. Na Lindi ni mji uliopigwa na kimbunga tarehe 15 Aprili 1952, na mwezi Mei 2024 tulikiona tena kimbunga Hidaya kikikata barabara ya kwenda Dar es Salaam. Mikoko haikizuii kimbunga, ila wimbi likipita katikati ya mashina na mizizi hufika ufukweni limeshapoteza nguvu nyingi.

Mkitaka kupanda mahali ambapo mbegu hazifiki, chukueni za mkoko zile ndefu za kijani zilizoota zikiwa bado mtini. Iliyokomaa ina pete ya manjano shingoni, kati ya tunda na mche, na ukiivuta kidogo tu inaachia, inayong'ang'ania iacheni. Ichomekeni kwenye tope thelthi moja ya urefu wake, ncha iliyochongoka ikiwa chini, nyuma ya miti mizima ya aina ile ile na kwa usawa ule ule wa ardhi, mita moja hadi moja na nusu kati ya mche na mche. Fanyeni kazi hiyo wakati wa maji mafu, yaani maji yasiyojaa sana, ili miche ipate siku chache za kushika kabla bamvua haijaja, na mwekeni mwanafunzi mmoja mwenye daftari awe anahesabu iliyo hai kila bamvua inapopita. Nitumieni hesabu hiyo mwakani.